Injini Mbele, Tangi Nyuma

Spana iliyofungua bolti za mbele haikufungua za nyuma. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuchanganyikiwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa likizo. Nilikuwa nimelala chali chini ya gari la marehemu baba, spana zangu nimezipanga juu ya gazeti kuanzia ndogo hadi kubwa, kama ninavyowapanga wanafunzi wangu mstarini. Bolti zilizoshika injini zilikubali spana za inchi bila ubishi. Nilipotambaa hadi nyuma, spana zile zile zikawa zinacheza tu bila kushika. Huko zilitakiwa za milimita. Nikatoka uvunguni, nikanawa mikono, nikakaa juu ya ndoo niliyoigeuza, nikajiambia kwamba nimekosea. Nikarudi kujaribu tena. Sikuwa nimekosea.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni ya zamani, refu kama kabati lililolazwa, na mlango wake wa nyuma ulifunguka kwenda juu. Baba aliniachia mimi, mtoto wake wa pekee. Enzi za uhai wake alikuwa na sentensi moja kuhusu gari hilo, na aliwaambia wageni, majirani, hata askari wa barabarani ambaye hakuwa ameuliza: "Lilitoka kiwandani, likaja kwangu. Halijaguswa." Nami nilitaka kulirudisha katika hali hiyo hiyo: rangi yake ya mwanzo, viti vyake, kila nati mahali pake.

Mama alikuwa amenipa muda.

"Shule zikifunguliwa, gari hilo litoke hapa kwa magurudumu yake au kwa lori la vyuma chakavu," alisema. "Nimechoka kulizunguka turubai lake hapa uani kila nikianika nguo."

"Mama, hilo ni gari la baba."

"Najua ni la nani," alijibu, akilitazama kutoka mbele hadi nyuma, kama mtu anayehakikisha kwanza.

Nikaendelea na kazi, na kila nilipogusa nilizidi kupotea. Nilikwangua rangi nyeupe kwenye boneti kwa msasa, nikitafuta ya mwanzo. Chini yake nikakuta buluu. Nikafurahi. Nikakwangua mlango wa nyuma ili nijiridhishe; chini ya nyeupe nikakuta rangi ya maziwa. Vioo vya mbele vilikuwa na ukijani kwa mbali, vya nyuma havikuwa nao. Hata funguo zilikuwa mbili, moja ya kuwashia na nyingine ya mlango wa nyuma, wala hazikufanana hata kidogo. Jambo hili la mwisho nililijua tangu utotoni bila kulishangaa. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa akija kulichukua gari bila kuomba, kwa ufunguo wake mwenyewe wa kuwashia, lakini kila mara alimwendea baba na kumwambia, "Shemeji, nipe wa nyuma." Mimi nilimhesabu kuwa kupe. Baada ya mazishi ya baba aliomba gari lile, nyumba ikafuka moshi wa ugomvi, na tangu siku hiyo yeye na mama hawakusemeshana tena.

Mwishowe niling'oa viti vya mbele, nikakunja zulia. Chini yake, kutoka ubavu hadi ubavu, sakafu ilikatwa na mshono mnene wa kuchomelea, umevimba kama kovu la upasuaji.

Nikamwita fundi wa bodi, ambaye mtaa mzima unamwita Cheche. Alipiga magoti, akaugonga mshono kwa nyundo, akafuata alama zake hadi kwenye nguzo za paa, kisha akacheka hadi kofia ikamdondoka.

"Mwalimu, hongera. Umerithi magari mawili."

"Unasema nini wewe?"

"Mbele ni gari moja, nyuma ni gari jingine. Aina moja, miaka tofauti. Yamefungishwa ndoa hapa katikati."

"Haiwezekani. Baba alisema halijaguswa."

"Basi limejigusa lenyewe." Akaokota kofia. "Sikiliza. Aliyeunga hapa alikuwa fundi hasa au kichaa hasa, na mimi siwezi kujua yupi. Nyuma ndiyo wagoni yenyewe. Nikutafutie mbele inayolingana nayo, nikate hii, nipachike. Litakuwa gari moja linaloeleweka."

Linaloeleweka: neno hilo liliniingia moyoni. Nilikwenda jikoni kumweleza mama, nikitarajia ashangae kama mimi. Hakushangaa. Aliendelea kukausha sahani moja ambayo ilikwishakauka.

"Mbele haikatwi," alisema.

"Mama, si wewe uliyetaka lipelekwe lote kwenye vyuma chakavu?"

"Ukilitupa lote, umelitupa. Ukikata nusu, umechagua."

"Nimechagua nini?"

"Kamuulize mjomba wako."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumsikia akimtaja.

Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi, jembamba kama korido, na hukaa ndani kabisa, kati ya makopo ya rangi na misumari. Nilipomwambia habari ya mshono aliweka miwani juu ya kaunta.

"Umefika mpaka hapo? Basi pole, mpwa wangu. Baba yako alinigonga kwa nyuma."

"Baba hakuwahi kumgonga mtu!"

"Aliwahi kunigonga mimi. Nyuma yangu ikajikunja kama karatasi, mbele yake ikaingia ndani hadi magotini pake. Langu lilikuwa la kawaida, la kwake wagoni. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kununua jingine. Tukasimama kando ya barabara tukitukanana mpaka matusi yakatuishia. Ndipo mama yako akasema: 'Wewe una mbele nzima, yeye ana nyuma nzima. Mnagombania nini?'"

"Mama alikuwepo?"

"Alikuwa kwenye gari langu, kiti cha mbele. Baada ya hapo tukayapeleka yote mawili kwa mchomeleaji. Gereji ilikuwa upande ule wa mji, nyumbani kwetu upande huu. Baba yako alikuwa anakuja kila jioni kuulizia gari. Lakini alikuwa anauliza nyumbani kwetu."

Nilijaribu kucheka, nikashindwa. Baba niliyemjua alipiga honi kabla ya kutoka getini hata barabara ikiwa tupu.

"Alisema lilitoka kiwandani," nilinong'ona.

"Lilitoka. Yote mawili."

"Na siku ya mazishi, mjomba? Ulilidai."

"Nilisema, mkitaka kuliuza, mniambie. Basi."

"Mama anasema ulitamka 'nusu yangu' kabla viti vya wageni havijarudishwa."

Alivaa miwani, akaivua tena. "Inawezekana nilisema. Siku ile nani alijua anasema nini?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepata majibu yote, na nikiwa sielewi zaidi ya nilivyokuwa mwanzo. Kama nusu ni yake, nina haki gani ya kuikata? Nisipoikata, ninatengeneza gari lipi: la buluu au la maziwa? Na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Jumamosi mchana Cheche alifika na mashine yake ya kukatia. Mjomba akafika nyuma yake, bila kubisha hodi. Alifungua mlango wa mbele, akakaa kwenye kiti cha abiria, maana viti na bolti zote nilikuwa nimevirudisha mahali pake, akafunga mlango. Mama akatokea na beseni la nguo. Alimtazama ndugu yake kupitia kioo, akaweka beseni chini, akafungua mlango wa kiti cha nyuma, akakaa. Kwa kuwa sikujua la kufanya, nikakaa kwenye usukani.

"Mwalimu," Cheche aliita kutoka nje, "nikate, nisikate?"

"Mwambie fundi wako," alisema mjomba, "injini ni yangu."

"Mwambie huyo wa mbele," alisema mama, "tangi la mafuta liko huku kwangu. Tuone atafika wapi."

"Mwambie dada yangu sikuja kuchukua gari. Nimekuja kukaa."

"Mwambie na siku ile angekaa kimya hivyo hivyo."

"Mnasikilizana wenyewe," nilisema. "Hakuna ukuta hapo katikati."

"Upo," walijibu kwa pamoja, kisha wakanuna kwa kuwa wamejibu pamoja.

Mjomba akashindwa kuvumilia. "Nani alimgonga nani? Mimi ndiye niliyegongwa, na nusu nikaitoa bila kinyongo!"

"Ulifunga breki ghafla," alisema mama.

"Nilifunga breki kwa sababu ulipiga kelele 'Simama!' Ulisema kuna mtoto anavuka!"

Nilimwona mama kwenye kioo cha ndani, akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Dada. Kulikuwa na mtoto?"

"Kulikuwa na kitambaa," alisema mama polepole. "Dukani, mlangoni. Cha kijani. Kizuri sana."

Hata Cheche aliacha kuchezea mashine yake.

"Kitambaa," alisema mjomba.

"Niliogopa ungenifokea. Halafu shemeji yako akashuka anatetemeka, anaomba radhi, nikasema nitamweleza kesho. Kesho yake akaja na maua. Ningemwambiaje na yale maua?" Akaiachia ile kanga. "Amekufa akiamini kosa ni lake. Ndiyo maana alimwambia kila mtu halijaguswa. Nawe ulipotamka nusu yako siku ile, mbele za watu, nilidhani sasa unataka kuyasema yote ya ajali ile."

Nilishika usukani kwa mikono yote miwili, ingawa hatukuwa tukienda popote. Nilijaribu kuyapanga: baba aliyegonga bila kosa, mjomba aliyesimama bila sababu, mimi niliyezaliwa kwa sababu ya kitambaa. Hayakupangika.

Mjomba alishuka. Nilidhani anaondoka. Alizunguka gari, akafungua mlango wa upande wa mama.

"Toka," alimwambia mama. "Nenda kwenye kiti chako. Hapa ni pa shemeji, na mimi ndiye nitakayekaa naye. Waliodanganywa wakae pamoja."

Mama alishuka, akaja mbele, akakaa. Mjomba akajiegemeza nyuma, akaupigapiga mto wa kiti kwa kiganja, taratibu, kama anayempigapiga mtu begani.

"Mwalimu?" Cheche aliuliza tena.

"Weka mashine chini. Utauimarisha mshono, basi."

"Na rangi?"

"Sijui," nilisema, na ndiyo ilikuwa kweli. "Niulize Jumatatu."

Nikazungusha ufunguo. Stata ililalamika, ikakohoa, kisha injini ya mjomba ikayavuta mafuta ya baba, ikashika. Cheche alikimbia kufungua geti, na gari likatoka uani kwa magurudumu yake, taratibu, hadi barabarani. Mama alikuwa amegeuzia uso dirishani, upande wa maduka.

Mjomba akainama mbele, mdomo karibu na sikio langu.

"Mpwa wangu," alisema, "akikwambia simama, usisimame."