Gauni la Hazel na Picha Yake

Bi Verna Teasdale alikuwa wa kwanza kwenye foleni kwa miaka tisa, na kwa miaka tisa mimi nilikuwa wa pili. Hapa kwetu Corliss, Iowa, mtu akifa na ndugu zake wakiwa mbali, kampuni ya kuuza mali za marehemu huja ikabandika bei kwenye kila kitu ndani ya nyumba, halafu Jumamosi mlango hufunguliwa. Ukifika mapema unaandika jina lako kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Saa tatu watu wanaingia mmoja mmoja kwa kufuata karatasi. Ukishika kitu ni chako mpaka ukiweke chini. Sheria ni hizo tu, na nimeona wanaume wenye wajukuu wakitaka kupigana makonde kwa sababu ya kuzivunja.

Nilikuwa nikifika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, namkuta ameshakaa kwenye kiti chake cha kukunja, blanketi magotini, chupa ya kahawa miguuni.

"Umechelewa, Lyle. Kuna mtu alikung'ang'ania kitandani?"

"Nani huyo, Bi Verna?"

"Ndiyo nakuuliza. Nilitaka nianze siku na habari njema."

Mke wangu aliondoka miaka kumi na mmoja iliyopita. Mji mzima unajua, na watu wengi wakiwa nami huzunguka jambo hilo kama shimo barabarani. Bi Verna alikuwa analikanyaga makusudi. Alikuwa na miaka themanini na mbili, mimi hamsini na tatu, na aliniita kijana.

Mimi ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita. Nguo za zamani hazikuwa zinanihusu. Siku moja nilikuwa nimelala chali chini ya sakafu ya watu nikikagua bomba, nikakuta bati la biskuti lenye kofia ya kike ya mwaka 1925 hivi, ile inayofunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Mwenye nyumba akaniambia niitupe. Nikaenda nayo kwangu, nikaiweka mezani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mke wangu aondoke kuwe na kitu cha mtu mwingine kwenye meza ile.

Sasa nina kofia arobaini, viatu vya vifungo, kola za wanaume za kupachika, na sanamu la kupimia nguo la mshonaji, lisilo na kichwa, limesimama sebuleni. Wenzangu kazini wanasema naongea nalo. Siongei nalo. Nilijaribu mara moja tu.

Yote ninayoyajua nilifundishwa na Bi Verna foleni ikiwa bado haijafika watu watano. "Gauni likiwa na zipu ubavuni, usiniletee habari za mwaka 1920 na kitu," alikuwa akisema. "Wanawake wale walijifunga kwa vikulabu vidogo kama chawa. Na gauni zito usilitundike, wewe. Litajichana lenyewe kwa uzito wake. Lilaze, kama mgonjwa."

Januari alianza kuishiwa pumzi. Nilikwenda kurekebisha mtambo wake, ambao haukuwa na kasoro yoyote. Nadhani aliuzima mwenyewe. Akanipandisha chumbani, akaniamuru nivute sanduku bapa lililokuwa chini ya kitanda.

Ndani yake, katika karatasi nyeupe laini, kulikuwa na gauni jeusi la mwaka 1928. Lote limefunikwa na vile vipande vidogo vya mviringo vinavyometameta. Yeye alikuwa akiviita magamba. Juu ya gauni kulikuwa na picha. Msichana wa miaka kumi na tisa, amevaa gauni hilohilo, amesimama mbele ya ukumbi wa dansi ulioko ziwani, mkono kiunoni, anacheka mpaka macho yamefumba.

"Mama yangu, Hazel," alisema. "Sasa tazama."

Alilamba kidole, akagusa gamba moja kwenye pindo. Kidole kikatoka cheusi.

"Jelatini," akasema. "Mifupa na ngozi za ng'ombe zilizochemshwa, halafu zikatiwa rangi. Maji kidogo tu, linayeyuka. Sasa ligeuze. Polepole, kijana, si bomba hilo!"

Nikaligeuza. Mgongoni, chini kidogo ya mabega, magamba yalikuwa yameyeyuka na kugandamana. Alama ilikuwa wazi: kiganja, na vidole vinne.

"Julai ile ilikuwa na joto la kuua," alisema. "Walicheza usiku kucha. Jasho lake, mkono wa mvulana. Ukabaki hapo."

"Baba yako?"

"Baba hakujua kucheza, maskini." Akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia akanisukumia sanduku. "Chukua. Nikifa, binti wa dada yangu wa Arizona ataita kampuni. Unajua wanavyofanya. Gauni huku, picha kule. Bila picha, gauni hili ni kitu kilichoharibika mgongo. Bila gauni, Hazel ni msichana tu anayecheka. Usikubali watenganishwe, Lyle."

Ningelichukua, yangeishia hapo. Lakini nilimwona amekaa kitandani, miguu yake haigusi sakafu, na kulichukua kungekuwa ni kukubali kwamba anaondoka. Nikafunga sanduku, nikalirudisha chini ya kitanda.

"Nitapanga foleni kama watu wengine," nikasema.

"Basi uwahi," akasema. "Maana sitakuwepo kukushikia nafasi."

Alikufa mwezi wa pili. Mauzo yakawekwa Aprili.

Siku tatu kabla, kampuni ikaweka picha za vitu mtandaoni, na mojawapo ilikuwa ya gauni lile. Walikuwa wamelitundika kwenye kiango cha nguo. Niliwapigia simu niwaambie walilaze. Msichana aliyepokea aliniambia asante, na tutaonana Jumamosi.

Jumamosi nilifika saa kumi na moja na nusu. Wingu zito, hakuna mtu barazani. Karatasi ilikuwa tupu. Nilichukua kalamu iliyofungwa kwa uzi, nikaiweka kwenye mstari wa kwanza, na mkono ukakataa. Sijui nieleze vipi. Miaka tisa mstari ule ulikuwa wake, na hii ilikuwa nyumba yake. Niliandika jina langu kwenye mstari wa pili. Halafu nikasimama pembeni kidogo ya mlango, nimemwachia nafasi mtu aliyekwisha kuzikwa.

Saa kumi na mbili na robo Dwight Roelfs akaja, akaegesha pikapu yake ng'ambo ya barabara. Dwight anauza mabango ya zamani ya vituo vya mafuta na magari ya kuchezea. Nguo hajui. Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Namba moja ni ya nani?"

"Iache, Dwight."

"Ya nani, nimeuliza?"

"Ya Bi Verna."

"Lyle, bwana we." Akachukua kalamu. "Pole sana, lakini hii ni foleni, si kaburi." Akaandika jina lake kwa herufi kubwa.

Sheria ni karatasi. Bi Verna mwenyewe angekuwa wa kwanza kumtetea, na angenitukana mimi.

Saa tatu mlango ukafunguliwa na mvua ikaanza. Dwight alipanda ngazi mbilimbili. Mimi nina goti bovu. Nilipofika chumbani, gauni lilikuwa mkononi mwake, bado kwenye kiango.

"Kuna mama wa Chicago ananunua haya," alisema akihema. "Aliliona mtandaoni. Amesema nisirudi bila hilo."

"Niuzie mimi."

"Nimeshamwahidi. Ungeandika namba moja, ndugu yangu. Kalamu ilikuwa hapo."

Nilitafuta picha chumba kizima. Haikuwepo. Ndipo nikakumbuka wanavyofanya, nikashuka jikoni. Mezani kulikuwa na kisanduku cha viatu kilichoandikwa "Ndugu wa Papo Hapo". Kila nyumba wanaandika hivyo, wanaona ni kichekesho. Picha za watu, dola moja kila moja, wachukue wasio na ndugu. Nilipekua maharusi, watoto wachanga, askari, mpaka nikampata Hazel, macho yamefumba, anacheka. Nilimshika kifuani. Kwa sheria, alikuwa wangu.

Nililipa dola moja nikatoka barazani. Nilikuwa na nusu. Nilijiambia kwamba nusu si haba. Ningemweka ukutani karibu na sanamu, ningemwambia habari za asubuhi, na asingekuwa na njia ya kunijibu vibaya. Nilishaona hata mahali pa kupigilia msumari.

Dwight akatoka nyuma yangu, gauni limening'inia begani, halina hata mfuko. Pikapu ilikuwa ng'ambo ya barabara na mvua ilikuwa inapiga. Alikuwa ameshateremka ngazi ya kwanza.

"Simama!"

"Usianze tena, Lyle."

"Simama, mjinga wewe! Yale magamba ni jelatini. Ukifika kwenye gari utakuwa umebeba uji mweusi."

Alidhani namtania. Nililamba kidole nikagusa pindo, palepale alipogusa Bi Verna, nikamwonyesha. Akarudi chini ya paa mbio, rangi imemtoka.

"Mungu wangu. Na huku mgongoni? Hapa pameshaharibika?"

"Hapajaharibika," nikasema.

Nikamweleza. Nilimweleza ukumbi, joto la Julai, mvulana ambaye hakuwa baba yake Bi Verna. Dwight hakucheka. Aliweka kiganja chake juu ya ile alama, hakugusa, akalinganisha tu.

"Mdogo kuliko wangu," alisema.

"Mpelekee huyo mama habari yote. Usiache kitu." Nikatoa picha kifuani. "Na umpelekee hii. Viende pamoja. Akitaka gauni bila picha, usimuuzie. Niapie."

"Unataka nini?"

"Nataka uniapie."

Aliapa. Alitoa risiti mfukoni, akaandika nyuma yake niliyomwambia, akaniuliza Hazel aliandikaje jina lake. Nilivua koti langu la mvua, tukalilaza gauni juu yake, tukalikunja na picha ndani, imefungwa kwa karatasi ya jikoni, tukafunga mikono ya koti kama mtoto wa mgongoni. Alivuka barabara amelibeba kwa mikono miwili, mabega amekunja, anakanyaga maji bila kuangalia.

"Koti nitakurudishia!" alipiga kelele mlangoni mwa pikapu.

Hajarudisha mpaka leo.

Nilirudi ndani kuangalia kiti cha kukunja cha Bi Verna. Kilikuwa kimeshachukuliwa na mtu wa namba nane, kwa ajili ya kuvulia samaki. Nikaenda nyumbani kwa miguu, mitaa saba, shati limeganda mwilini. Nilipofungua mlango niliona kidole changu kimekuwa cheusi mpaka kwenye kiungo. Mikono yangu ilikuwa na maji ya mvua tulipokuwa tunalikunja gauni. Kwa hiyo mahali fulani begani mwa gauni la Hazel kuna alama yangu pia, na huyo mama wa Chicago hajui ni ya nani.

Nilipika mayai kwa mkono mmoja. Jumapili sikwenda popote. Kidole kile sikukiosha mpaka Jumatatu, kazi iliponilazimisha.