Mdomo wa Mtihani

Mdomo wa Bi Somoe wa Tandika ulikuwa na wachumba. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Chuoni kwao kina Najat, walikosomea usafi wa kinywa na meno, kila mwanafunzi alitakiwa aje kwenye mtihani na mgonjwa wake mwenyewe, tena mwenye ugaga mzito, ule ukoga ulioganda ukawa kama saruji. Asiye na mgonjwa anarudia mwaka. Na miaka ile maduka yalishafurika dawa za meno za kila rangi, kila kijana anapiga mswaki kama anakwenda kuposa. Wanafunzi wakawa wanagombea vinywa vya wazee kama watu wanavyogombea robota la mitumba likifunguliwa.

Bi Somoe alikuwa shangazi yake Najat, ndiye aliyemlea. Alikula tambuu tangu ujana wake: jani, popoo, chokaa, tumbaku kidogo, na donge lenyewe alilitunza kwenye shavu la kushoto. Magego yalikuwa mekundu, ugaga umeyafunika nusu. Najat alipomchungulia mara ya kwanza alifurahi mpaka akajionea haya.

"Shangazi, mdomo huu usiguswe na mtu. Usiende kusafisha popote. Uniwekee mpaka mtihani."

"Haya, mwanangu. Nitakuwekea."

Tekla, mwanafunzi mwenzake aliyetoka bara na hana ndugu mjini, aliwahi kufika pale na kilo ya sukari, eti kamletea mama salamu. Bi Somoe alimpa chai na vitumbua, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Pole, mwanangu. Mie nimeshaposwa."

Masika yalipoanza, Bi Somoe alisema pilipili inamchoma. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, Najat yuko mkekani na kitabu mapajani, anakariri.

"Hapa shavuni, panapokaa tambuu. Kama kuna kidonda hivi."

"Chokaa hiyo, Shangazi, imekubabua. Vumilia kidogo. Ukienda hospitali watakusafisha na meno, mie nitaanzia wapi?"

Wala hakumwambia afumbue mdomo. Kioo cha kazi, cha kuchungulia kinywani, kilikuwa kwenye mkoba, mkoba umening'inia ukutani, mtu hata hahitaji kusimama sawasawa kuufikia. Akafunua ukurasa uliofuata. Mtu unatamani umshike mabega umtikise, lakini ndio imeshapita.

Bi Somoe hakulirudia neno lile. Akaanza kunywa uji, anasema wali umemchosha. Akapungua, majirani wakamtania kwamba anajirudishia usichana, naye akacheka nao huku ameziba mdomo na ncha ya khanga. Najat aliona. Alijiambia mtihani ukiisha tu, atampeleka hospitali.

Siku ya mtihani Bi Somoe alipaka wanja, akavaa khanga mpya. Akapanda kwenye kiti cha wagonjwa na kuegemea taratibu. Najat alianza kama walivyofundishwa, kabla ya meno unatazama mashavu, ulimi, chini ya ulimi. Alishangaa mdomo haufunguki, vidole viwili tu vinapita kwa shida. Akavuta shavu la kushoto kwa kioo.

Kidonda kilikuwa kipana, cheupe na wekundu ndani yake, kingo zimeinuka. Akakigusa, kigumu. Akapapasa chini ya taya, akakuta tezi ngumu isiyosogea. Angeweza kuliachia shavu akaenda kwenye magego, mtahini yuko kiti cha pili na hajaona kitu. Aliliwaza hilo, na kuliwaza tu kulimuumiza. Akamwita mtahini, Mwalimu Gozbert.

Mwalimu alitazama kwa muda. Kisha akauliza kwa sauti ileile aliyowaulizia wanafunzi wote.

"Kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili bila kupona, unafanyaje?"

"Mgonjwa apelekwe hospitali kubwa mara moja, kikatwe kipande kikapimwe," Najat akajibu. Maneno yalitoka yenyewe, alivyoyakariri mkekani. "Asisubirishwe kwa sababu yoyote."

"Kwa nini?"

"Huenda ni kansa. Ikiwahiwa, inatibika."

"Huyu kimemkaa tangu lini?"

Najat aligeukia kiti. Chini ya taa, Bi Somoe alikuwa anamtazama. Alikuwa amesikia kila neno, na amelielewa.

"Juzijuzi tu, Mwalimu," Bi Somoe akasema kwa tabu. "Mtoto hakuwa na habari."

Mwalimu Gozbert akaandika barua ya hospitali, akaandika na alama ya kufaulu. "Vizuri sana, Najat. Wenzako wengi wanakimbilia meno." Najat akapokea barua. Hakumsahihisha shangazi yake, na kutosahihisha kule akaondoka nako.

Nje walikaa kwenye benchi. Bi Somoe akafungua fundo la khanga lenye tambuu yake, akaitazama, akalifunga tena.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, Shangazi."

"Alhamdulillahi." Akajipapasa taya. "Lakini meno hukuyagusa, mwanangu. Na mie nilikuwekea."