Tambuu ya Bibi Mrinmoyi

Serikali ilichukua mashamba ya Nilkanta Babu ikidai ni kichaa, kwa sababu alisema mkewe bado anakaa nyuma ya pazia la chumba cha wanawake. Kijiji kizima kilijua kuwa Mrinmoyi alizama mtoni miaka mitatu iliyopita, maiti yake ikachomwa moto ikiwa na bangili zake za kombe la baharini mkononi. Kila mwaka Haripada, afisa wa serikali aliyesimamia mashamba hayo, alikuja kumpima Babu akili, na kila mwaka aliandika kwamba bado ni kichaa, mashamba yasirudishwe.

Safari hii alifika adhuhuri, wakaketi mbele ya pazia la ndani.

"Umenenepa, Haripada," Babu alisema. "Mchele wa mashamba yangu umekukubali."

"Acha maneno. Mkeo yuko wapi?"

"Si huyo hapo? Muulize mwenyewe."

Haripada akacheka, akaligeukia pazia. "Mama, mgeni hapewi hata tambuu ya kutafuna?"

Mkono ukatoka chini ya pazia. Ulikuwa na bangili nyeupe za kombe, unachuruzika maji, na kiganjani mna tambuu iliyokunjwa vizuri. Haripada alikuwa amefunzwa tangu utotoni kwamba tambuu ya mama mwenye nyumba haikataliwi. Kabla hajafikiri, alishaipokea na kuitia kinywani.

Akalifunua pazia. Hapakuwa na mtu, ila mkeka uliolowa.

"Haya, andika kwamba mimi ni kichaa," Babu alisema taratibu. "Lakini futa mdomo kwanza."

Haripada akajifuta. Leso ikawa nyekundu kwa tambuu, inanuka tope la mtoni. Akashika kalamu, akaandika kwamba Nilkanta Babu ana akili timamu.