Binti Mfalme Hana la Kusema

Bwana Luo alitaka machozi, na Sihaba hakuwa nayo. Tangu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni, katika chumba kisicho na dirisha, akilia kilio cha binti mfalme wa Kizungu. Kila alipomaliza, Bwana Luo alitikisa kichwa nyuma ya kioo na kumwambia kwa Kichina arudie.

Ilikuwa tamthilia ya vipande vifupi, ya kutazamwa kwenye simu. Bwana Luo alikuwa ameitengeneza kwa Kichina na sasa alitaka kuiuza Afrika Mashariki, ndipo akatafutwa mwanamke wa kuingiza sauti ya Kiswahili. Hakupatikana kwa tabu. Kila Mtanzania anayenunua mali Guangzhou anamjua Sihaba, Mzanzibari, mke wa Gharib wa mizigo, anayekizungumza Kichina utadhani alinyonyeshwa nacho.

Binti mfalme aliitwa Adelina. Aliishi miaka mia nne nyuma, mtoto wa mfalme mdogo aliyezungukwa na wafalme wakubwa. Angali mtoto wa kucheza, babake alimposesha kwa mfalme jirani ili vita visimame. Alipopevuka wakamwoza, na bwana harusi hata hakutokea. Balozi wake alisimama kanisani badala yake. Hilo halikumshangaza Sihaba. Siku ya ndoa yake mwenyewe Gharib alikuwa huku huku Guangzhou, na wakili ndiye aliyemkubalia.

Kilichomkera ni cha mpakani. Hema lilipigwa katikati ya nchi mbili. Adelina aliingia kwa mlango wa upande wa kwao, akavuliwa kila alichotoka nacho, hata nguo za ndani, hata pete ya bibi yake, akavishwa nguo za nchi ya mumewe na kutolewa kwa mlango wa pili. Yaya aliyemlea akarudishwa. Tangu hapo akakatazwa lugha ya kwao. Akazaa, akazika, akazaa tena, kila mimba mabalozi wakiisubiri kwa barua na dua, mpaka uzazi ukamuua, kichwani hana hata unywele mmoja mweupe. Na katika maisha yote hayo mwandishi hakumpa neno la maana. Alisema “Ndiyo, baba,” akasema “Kama apendavyo mfalme,” kisha akalia.

Sihaba aliomba binti apewe japo maneno mawili ya kumuaga yaya wake. Bwana Luo hakukasirika. Alimweleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto, kwamba watazamaji wanapenda machozi, na maneno ameshampa mfalme.

“Huyu anapelekwa,” alisema. “Anayepelekwa atasema nini?”

Sauti ya mfalme ilikuwa ya Shedrack, mfanyabiashara wa redio na spika kutoka Mbeya, ambaye maneno yake yalijaza kurasa. Yeye alimshauri alie tu wamalize, kwani kontena lake lilikuwa linamngoja bandarini Nansha. Sihaba akarudi kulia. Koo lilimkauka, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua.

Hapo Gharib akapiga simu. Alikuwa Pazhou kwenye maonyesho ya biashara, Chen mwenye kiwanda cha masufuria ameshakaa mbele yake, na wanatazamana tu kama mabubu. Ahmada, mdogo wake Gharib, ambaye ndiyo kwanza amemaliza chuo cha Kichina, alikuwa amekwenda uwanja wa ndege wa Baiyun kupokea wateja. Gharib hakuuliza kama mkewe ana kazi. Alisema aje, akakata.

Sihaba aliomba ruhusa, akapanda metro huku amefura.

Chen alimpokea kwa furaha. Walijuana tangu Sihaba ni bibi harusi mgeni anayeonesha sufuria kwa kidole. Ndiye aliyemfundisha kusema mfuniko, mpini, nyembamba, nzito. Mazungumzo yakaenda vizuri. Sihaba aliyageuza maneno ya huyu kwa yule bila kufikiri, kama mtu anayechambua mchele. Kisha Chen akammiminia chai, akamtazama kwa huruma, akasema kwa Kichina kwamba amesikia kwa Ahmada kuwa Sihaba anarudi kwao Zanzibar moja kwa moja, na yeye Chen atamkumbuka.

Sihaba alikirudisha kikombe mezani.

“Kasemaje?” Gharib aliuliza.

Alikuwa na kalamu mkononi, akingoja kusikia habari za masufuria.

“Ananiaga,” Sihaba alisema. “Anataka kujua narudi Unguja lini.”

Gharib aliitazama kalamu. Kisha akasema wamalize kwanza habari ya mifuniko. Na Sihaba, ambaye hata baadaye hakujisamehe kwa hilo, akaimaliza. Alitafsiri mpaka la mwisho, kwa sauti safi, kwa sababu wateja walikuwa wa kwake pia na Chen hakuwa na kosa.

Walipofika mlango wa metro, Gharib akaeleza. Mama yake amezeeka na anataka mkwe karibu. Mtoto wao, Ilham, anakua, lazima akulie nyumbani. Ahmada sasa ana lugha. Walikwisha kukubaliana, yeye na mama na Ahmada, ila walitaka kumwambia baada ya maonyesho, asije akavurugika.

“Baba Ilham,” alisema Sihaba, “ulinileta hapa sina lugha, ukaniambia nijifunze. Sasa lugha nnayo, ndiyo unanirudisha?”

Gharib alisema si kumrudisha, ni kumpumzisha. Watu walikuwa wakiwapita kwa mabegi ya magurudumu. Sihaba akamwambia yeye haendi, akageuka, akashuka ngazi peke yake.

Alirudi studio. Bwana Luo akamweka tena ndani ya hema la mpakani, na safari hii sauti ilitoka nzito, ikitetemeka, lakini haikuwa kilio. Bwana Luo akasema hiyo ni hasira, arudie. Akarudia, ikawa vile vile. Akarudia tena. Mwishowe Bwana Luo akachoka, akachukua kilio cha mwanamke mwingine kilichokuwa kwenye kompyuta, akakipachika pale. Kilikuwa kilio kizuri. Sihaba alikisikiliza akitamani kukipasua kioo.

Jioni Gharib hakuleta ubishi. Alikubali Sihaba asiondoke mpaka Ilham amalize mwaka wake wa shule, kisha wataangalia. Sihaba akamtaka ampigie mama yake amweleze mwenyewe. Akapiga, akiwa amempa mgongo, wakati mkewe anakatakata mboga. Sihaba alimsikia akisalimia, akiulizia miguu, akiulizia mvua, akizunguka kama anayetafuta mlango. Kisha akasikia, “Sihaba amekataa kidogo, mama. Kidogo tu. Tutamwelewesha.”

Kisu kikasimama.

“Mwambie nimekataa,” alisema.

Gharib akaziba simu kwa kiganja, akamwambia taratibu kwamba mama ameshasikia. Kisha akatoka nayo varandani na kuufunga mlango wa kioo nyuma yake. Sihaba akabaki anaiona midomo yake tu ikienda.