Vumbi la Chini ya Pipa

Mvua ya kupanda ilikuwa imekwisha kuanza huko Lushebere, na mbegu yote ya Verdiane ilikuwa ndani ya pipa moja: maharagi madogo ya manjano, yale aliyoachiwa na mama yake. Alipofungua kifuniko alisikia sauti ndogo, kama manyunyu ya mbali juu ya majani makavu. Vidudu. Vilitembea polepole juu ya maharagi, vyeupe kwa dawa ya unga, kama wamama wanaotoka kwenye mashini ya kusaga.

"Ongeza dawa, Mama," akasema Astrid, mukamwana wake. "Mara mbili."

"Nilishaongeza! Angalia, vinajipaka poda sawa vile vinaenda misa."

Astrid alicheka. Alikuwa amesoma kilimo miaka miwili Goma kabla ya kuolewa. "Dawa yenyewe iko mupya?"

"Mupya ni kidogo. Ingine njo ile ya chini ya pipa. Kila mavuno ninafagia vumbi, ninachanganya na maharagi mapya. Dawa si kitu cha kutupa."

"Na mule ndani ya vumbi, hakukuwa kidudu hata kimoja kizima?"

Vilikuwako. Vitatu, vinne, vikiburuta miguu. "Nilisema vitakufa tu."

"Vile njo vilizaa hivi. Dawa iliua vyepesi. Vigumu vikabaki peke yake, vikaoana, vikazaa vigumu. Mama, ulivichagua sawa vile unachaguaka mbegu."

Ukungu uliingia mlangoni ukakaa nyumbani kama mgeni. Verdiane alizamisha mkono ndani ya maharagi, macho yakamlegea. Akamwona mama yake amechuchumaa kwenye mukeka, akichagua: hii ya sufuria, hii ya shamba. Kando yake mkono mwingine ulichagua vidudu: hiki kife, hiki kibaki. Mavuno kumi na mawili, bila kuchoka. Akautazama vizuri ule mkono. Ulikuwa wake.

Akafumbua macho, akamwaga maharagi yote chini.

Walichambua moja moja, wakitenga yenye matundu. Yaliyobaki yalijaa kikapu kimoja.

"Yanatosha shamba la juu tu," Astrid akasema.

"La chini tutatia muhogo. Twende tupande leo leo, mbele vidudu havijatoboa ingine."

"Na vumbi? Hata kidogo tusibakize?"

Verdiane aliligeuza pipa juu ya shimo la kuchomea takataka, akalipiga kwa kiganja, akapiga tena, mpaka hakuna kitu kilichoanguka tena.