Sikio la Upande wa Mlango

Fundi alikuwa na masikio mawili kama watu wote, ila moja lilikuwa la kuvalia hereni tu. La kulia lilitunga usaha utotoni, kiwambo kikatoboka, na tangu hapo halikumletea habari yoyote. Na ndilo lililoelekea mlangoni pale dukani alipoweka cherehani yake.

Mumewe, fundi bomba, alilifanya mchezo. Kila asubuhi akielekea kazini alipitia dukani, akainama kwenye lile sikio bovu na kusema neno. Fundi alihisi pumzi yake shingoni, akatabasamu, akaendelea kushona. Jioni Fundi alikuwa akimuuliza:

"Asubuhi ulisema nini?"

"Nilizungumza na sikio. Wewe yanakuhusu nini?"

"Basi likipona litakujibu."

"Litaponaje, na hospitali huendi? Sikio la kufa halisikii dawa."

Kusema kweli, Fundi alikuwa anaogopa kisu. Akasema kesho, akasema keshokutwa, hadi siku kifua kilipombana mumewe kazini, na jioni ile hakurudi.

Nyumba ikawa kubwa. Hakuna mtu anayejua kukaa upande wake wa kushoto ili asikike. Hapo ndipo Fundi alipokwenda kwa daktari, akiwa na wazo la kijinga, na alijua ni la kijinga: kwamba maneno yote yale yamelundikana mle ndani, na tundu likizibwa atayasikia.

"Tunachukua utando mwembamba wa msuli wako mwenyewe, hapa juu ya sikio," daktari alimweleza, "tunaziba nao."

"Kiraka."

"Ndiyo, kiraka. Ukipiga chafya, fungua mdomo. Na usipenge kamasi mpaka nikuruhusu, upepo utakiinua."

"Na nikilia?"

Daktari alimtazama. "Lia, mama. Ila usipenge."

Watu husema fulani katia pamba masikioni. Fundi alitiwa kweli. Akakaa nyumbani kichwa kimefungwa bendeji, analia huku kamasi zikimtiririka kama mtoto, na hakuna hata wa kumcheka.

Pamba ilipotolewa, alisikia mkasi ukiwekwa kwenye sahani ya bati. Akasikia kandambili za wauguzi ukumbini. Nyumbani alisikia bomba la jikoni likidondosha maji, tena katika nyumba ya fundi bomba, na hakujua limevuja tangu lini. Sikio lilimletea kila kitu isipokuwa kile alichokifuata.

Aliporudi dukani akamgeukia mwenzake wa miaka yote, mtia vifungo, ambaye kwa ulimi wake walimwita Sindano. Meza yake ilikuwa papo hapo mlangoni.

"Shoga, marehemu alikuwa akiniambia nini asubuhi?"

"Kwani hujui?" Sindano aliacha kifungo. "Neno lilelile siku zote. 'Ukinisikia, geuka.'"

"Halafu?"

"Halafu anasubiri kidogo. Wewe unashona. Anaenda zake."

Fundi aliushika ukingo wa meza. "Nilikuwa nahisi pumzi yake," alisema. "Nilijua yupo. Sikugeuka makusudi, nikidhani ndio mchezo wenyewe."

Sindano alikirudia kifungo chake.

Fundi akaweka mguu kwenye cherehani, akashona mshono uliopinda. Kumbe hakuhitaji sikio. Shingo tu ingetosha.

"Hodi," ikasema sauti ya kiume upande wa kulia, taratibu.

Aligeuka upesi hata uzi ukakatika. Alikuwa mteja, mkononi ana suruali ya kupunguzwa kiuno.

"Nimekusikia," Fundi akamwambia, machozi yakimshuka, na mteja akasema asante.