Mtaalamu wa Kujiamini

Atuganile wa Masukulu alikuwa na miaka kumi na mitano na urefu wa kulowa mvua dakika nzima kabla ya wenzake. Kwa aibu ya urefu huo alitembea amejikunja kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Uwanja wa netiboli tu ndio uliomnyoosha. Akipewa mpira chini ya goli, mgongo unapanda, kidevu kinapanda, mpira unaingia.

Enzi hizo kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa: mitumba, magazeti ya watu binafsi, na miradi. Mradi mmoja ukaleta shuleni kwao mpira wa ngozi, wa kwanza kabisa, pamoja na bwana Fred, mtaalamu wa kujiamini kwa vijana kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mfupi, ndani ya kaunda suti mpya, na fomu debe zima.

"Najiona mtu wa maana. Weka alama: sana, kiasi, hapana."

Atuganile alilelewa kwamba anayejisifu mbele ya wakubwa hana tofauti na anayelamba sahani ya mgeni. Akaweka hapana. Wenzake, waliolelewa hivyohivyo, nao wakaweka hapana. Wasichana wa Tukuyu mjini, waliotoka kufungwa na kina Atuganile thelathini na mbili kwa moja, wakaweka sana.

Bwana Fred akachora mchoro, akaubandika ukutani, akamwita Mwalimu Ackson, kocha wa timu.

"Mwalimu, unaona? Kila wakishinda wanazidi kujidharau. Ushindi unawaumiza watoto! Jumamosi wakishinda tena, mpira nauhamishia mjini, unakofanya kazi."

Jumamosi ilipofika, Mwalimu Ackson akamvuta Atuganile pembeni.

"Mwanangu, fungwa kidogo tu. Tusipoteze mpira."

"Kidogo ni mangapi, mwalimu?"

"Mtaalamu hakusema."

Akakosa la kwanza. Akakosa la pili. La tatu akalirusha hadi kwenye migomba ya watu. Kila akikosa, mgongo ulirudi chini, na bwana Fred alipiga makofi: "Safi! Anapona huyo!"

Rehana, mlinzi wa timu ya mjini, akacheka. "Dada mlingoti, kumbe kwenu kazi yako kuanikiwa nguo tu?"

Mgongo ukanyooka. Wanaosimulia wanasema ulitoa mlio uliofika hospitali ya Igogwe, wagonjwa wakanyanyua vikombe wakidhani ni kengele ya uji. Yakaingia ishirini na tisa mfululizo.

Filimbi ya mwisho ilipolia, bwana Fred alimfuata na fomu mkononi.

"Haya, sasa unajiona mtu wa maana?"

Atuganile akainamisha macho kwa adabu. "Hapana, baba."

"Nilisema mimi! Na hapa kuna anayekuzidi kufunga?"

"Hayupo," akajibu, macho bado chini.

Bwana Fred akaitafuta nafasi ya jibu hilo kwenye fomu, mbele na nyuma. Haikuwapo.

"Basi leta mpira."

"Chukua, baba."

Akaunyanyua kwa mkono mmoja, amesimama wima mzima mzima. Bwana Fred akaruka. Akaruka tena. Mara ya tatu akatua kwenye tope, kaunda suti ikabadilika rangi.

"Mazoezi ni Jumatatu saa kumi, baba," Atuganile akamwambia kwa upole. "Ukija kila siku, utaufikia."